Ukoko wa Mahafali

Kwaya nilijaribiwa mara moja tu. Ilikuwa mwaka 2005, kidato cha kwanza, wiki ya tatu tangu turipoti, bado tunaitwa njuka na tranka langu bado linanuka rangi. Mwalimu wa kwaya alinipanga sauti ya nne, akasikiliza ubeti mmoja, akanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta neno lisilouma, kisha akasema, "Kijana, wewe utatusaidia kubeba spika."

Nikabeba spika. Nilibeba spika miaka minne.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Mafinga, upande wa misitu ya Sao Hill, mahali ambapo asubuhi ya Juni ukitoka bwenini huoni bweni la jirani kwa ukungu. Ilikuwa shule ya kawaida kabisa, ya bati na matofali ya kuchoma, lakini kalenda yake ilikuwa na sherehe zake kama kalenda ya kijiji. Mwanzo wa mwaka kuna kuwakaribisha njuka. Ijumaa mchana kuna mdahalo, wa Kiingereza, ambao nusu ya ukumbi ilikuwa inaelewa nusu ya maneno. Michezo ya UMISSETA ikikaribia, timu inakimbia barabarani saa kumi na moja alfajiri, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi. Mwaka ambao Mwenge wa Uhuru unapita kwenu, mnafanya halaiki mpaka miguu inaota malengelenge, kisha mnajipanga kando ya barabara saa nne nzima kwa ajili ya kitu kinachopita kwa dakika mbili. Na Septemba, kabla kidato cha nne hawajaingia kwenye mtihani, mahafali.

Sasa, ukiwa hujui kuimba, hujui mpira, na kwenye mdahalo ukisimama kutoa hoja magoti yanapinga hoja, shule inakubakizia sehemu moja tu: kamati. Kamati ya mapokezi, kamati ya usafi, kamati ya usafiri, kamati ya chakula. Wenzangu wakiulizwa sekondari walisoma nini watakwambia mchepuo wa sayansi au biashara. Mimi nilisoma kamati.

Aliyeniingiza huko rasmi ni Madamu wa Jiografia. Mei 2007, nikiwa kidato cha tatu, klabu ya Jiografia na Historia iliamua kwenda Isimila, kwenye zana za mawe za kale, na Kalenga, kwenye fuvu la Mkwawa. Kutoka Mafinga hadi Iringa mjini ni kilomita 80 hivi, na Isimila unaikuta kabla ya mji, ikiwa imebaki kama kilomita 20. Yaani kila aliyewahi kupanda basi la Iringa ameipita. Lakini katika wanachama 48 wa klabu, aliyewahi kushuka pale alikuwa mmoja, na huyo alishuka kwa sababu basi liliharibika.

Madamu akanikabidhi kaunta buku ya kwaya mbili. Hiyo ndiyo kwaya pekee iliyowahi kunikubali. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika mwenyewe kwa wino mwekundu: kila mwanafunzi Sh 7,000. Nauli ya basi la kukodi, viingilio, mkate na soda. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina na kuweka tiki. Baada ya wiki tatu, majina tisa yalikuwa hayana tiki.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa shughuli za shule ni kitu gani. Mpaka siku ile nilidhani safari ni basi na nyimbo. Kumbe safari ni majina tisa. Niliyajua yote. Mmoja alikuwa anatandika kitanda cha juu yangu, na kila nikifungua lile daftari mbele yake alikuwa anaanza kupiga mluzi. Madamu hakuyasoma mstarini, na kwa hilo namheshimu hadi leo, maana walimu wa kusoma majina mstarini tulikuwa nao wa kutosha. Alituita kamati, watu watano, akasema, "Sh 63,000 hazipo. Mnafanyaje?"

Tulikwenda kuchimba viazi. Kulikuwa na mzee jirani wa shule mwenye shamba la viazi mviringo, na mwezi wa tano ni wakati wa kuvuna. Makubaliano yakawa Sh 1,500 kwa gunia, kuchimba na kupakia. Nikapiga hesabu: magunia 42, mchezo umekwisha. Jumamosi tukaenda klabu nzima, wenye tiki na wasio na tiki, ili asiyelipa asijulikane. Hiyo nayo ilikuwa akili ya Madamu.

Kufika jioni, magunia yalikuwa 35.

Nilihesabu mara mbili. Shamba lilikuwa limekwisha, migongo ilikuwa imekwisha, na magunia yalikuwa 35. Ndipo nikayaangalia vizuri. Kila gunia lilikuwa limejazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa juu kilemba cha viazi kilichoshonwa kwa kamba za katani, kikasimama kama mwanamke aliyevaa kitambaa cha harusi. Lumbesa. Mtu wa nyanda za juu haelezwi lumbesa ni nini. Amekua akiiona ikipanda kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam, na amewasikia wazazi wake wakiilaani. Lakini hapa wa kulalamika haikuwa mkulima dhidi ya dalali. Ilikuwa watoto dhidi ya mkulima.

Madamu alikuwa amekaa kwenye kisiki, anatoa udongo kwenye viatu. Nikamwangalia. Akaendelea na viatu.

"Shikamoo mzee," nikaanza.

"Marahaba. Kamwene."

"Kamwene. Mzee, samahani. Hili gunia siyo gunia moja."

"Ni magunia mangapi?"

"Moja na kitu."

"Na kitu," akarudia, akacheka na yule kijana wake wa kushona. "Mwanangu, kwenye soko hakuna na kitu."

Nikafungua kaunta buku. Sijui nilipata wapi ujasiri, kwa sababu mdahalo ulikuwa haujawahi kunipa. Nikamwonyesha kwamba kwa ndoo tulizojaza, kila lumbesa lake limemeza ndoo sita, na gunia la kawaida ni ndoo tano. Ndoo 210. Gawanya kwa tano. Arobaini na mbili kamili. Mzee alichukua daftari, akaligeuza kama anayetafuta maandishi upande wa nyuma, akanirudishia. Akahesabu Sh 52,500, za magunia 35, wala hakuongeza hata shilingi. Kisha akanyoosha kidole kwenye gunia lililobaki pembeni, la viazi vidogo vidogo. "Chukueni na hilo. Mkale huko kwenye mawe yenu."

Tukarudi tumelibeba kwa zamu. Sh 10,500 zilikuwa bado hazipo, lakini usiku ule nikalala nikiwa nimeshapata jibu: mkate na soda tulivitengea Sh 24,000, na sasa tulikuwa na gunia la viazi. Tukafuta soda. Nilichukiwa kwa wiki nzima. Kuna mtu hadi leo, ni baba wa watoto wawili, ananiita Bwana Soda.

Siku ya safari nilikuwa jikoni saa tisa usiku kuchemsha viazi na chumvi, tukavitia kwenye ndoo zenye mifuniko na kuzifunika na vitenge. Basi likaondoka saa kumi na mbili. Ifunda bado ukungu, Tanangozi jua. Nyimbo zote nilizisikia nikiwa nimekumbatia ndoo.

Isimila, mlangoni, hesabu haikukubali. Daftari langu lilisema 48. Mhudumu alihesabu 50. Tukahesabu tena: 50. Madamu akaingia ndani ya basi, akatoka na njuka wawili wamefunikwa vumbi, walikuwa wamelala chini ya kiti cha nyuma tangu Mafinga. Hawakuwa wanachama wala hawakuwa wameaga. Mmoja alisema alitaka tu kuona Iringa mjini. Kwa adhabu, hawakuruhusiwa kushuka korongoni, na lazima abaki mtu wa kuwalinda. Kila mtu akaniangalia mimi na ndoo zangu.

Kwa hiyo Isimila niliisikia, sikuiona. Nilikaa juu na wale wawili tukamenya viazi, na kutoka bondeni sauti za wenzangu zilikuwa zinapanda, zinagonga kuta na kurudi. Mambo yaliyosemwa huko chini nilikuja kuyajua baadaye sana, niliporudi na kiingilio changu mwenyewe, mtu mzima. Nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua na upepo, baadhi zimevaa mawe kichwani kama kofia. Shoka za mawe ambazo unashika na kiganja kinajua chenyewe pa kukaa. Na jambo moja ambalo kama ningelisikia siku ile ningelishangilia: zana zile ziligunduliwa mwaka 1951 na mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa safarini. Wataalamu wa kuchimba walikuja baadaye, mwaka 1957 na 1958. Kwanza alikuja mtoto wa shule akainama akaokota jiwe.

Kalenga niliingia wa mwisho, kwa sababu nilikuwa nahesabu vichwa. Mtawala wa Wahehe, Mkwawa, alikufa mwaka 1898, Wajerumani wakakichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukakitaja kwa jina. Na fuvu likarudishwa mwaka 1954, likawekwa pale Kalenga ndani ya kioo. Hayo tulikuwa tumeyasoma. Kwenye kioo nilipata dakika moja hivi. Nikaona kitu kidogo, kidogo kuliko vita vyote nilivyosoma juu yake, na nyuma yangu dereva anapiga honi.

Jumatatu tukaambiwa tuandike insha ya safari. Nikaandika kurasa nne, mbili na nusu zikiwa za lumbesa. Nilipata 11 kwa 20. Chini Madamu aliandika: "Umeandika vizuri, lakini hukwenda Isimila."

Wale njuka wawili, kwa faida ya msomaji, mmoja sasa ni mwalimu. Anafundisha Historia. Sina la kuongeza hapo.

Niseme kidogo kuhusu maharage, maana bila maharage habari ya mahafali haieleweki. Shuleni kwetu maharage yalikuwa hayaivi. Ni kweli yaliiva, lakini kwa muda ambao mtu wa Dar es Salaam angekuwa ameshapika mara mbili. Sisi tuliamini ni uvivu wa wapishi, na kuna jioni moja bwalo liligonga meza. Mwalimu wa Fizikia, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, kesho yake akachukua kipimajoto cha maabara na klabu nzima ya sayansi akaipeleka jikoni. Nami nilikuwepo, kwa sababu jikoni nilikuwa nimeshakuwa mwenyeji. Sufuria kubwa ilikuwa inatokota mapovu makubwa makubwa. Akashikilia kipimajoto kwa kamba, akatuambia tusome. Tulisubiri ipande. Ilifika kwenye nyuzi 94 hapo, ikagoma.

"Kitabu kinasema maji yanachemka nyuzi 100," akasema. "Nani anadanganya, kitabu au Mafinga?"

Hakuna aliyejibu. Ndipo akaeleza kwamba sisi tuko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, hewa inayotukandamiza ni nyepesi zaidi, kwa hiyo maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Unaweza kuongeza kuni uwezavyo, sufuria iliyo wazi haitapanda zaidi ya hapo. Mama mpishi alikuwa amesimama pembeni na upawa begani. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ndiyo maana nawaambia kila siku nileteeni maharage jana," akasema. Yeye alikuwa anaomba maharage ya kesho yatolewe stoo jioni ili ayaloweke, na mtu wa stoo anamtolea asubuhi. Shida yote ya bwalo ilikuwa kwenye ufunguo wa stoo. Siku hizi kuna wanafunzi wanaopeleka tafiti zao Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania, mpango ulioanza mwaka 2011. Sisi tulikuwa tumewahi mno. Tuliishia kuandika barua kwa mkuu wa shule kuhusu ufunguo.

Mwaka jana nilialikwa mahafali ya mtoto wa dada yangu, shule ya binafsi upande wa Uyole, Mbeya. Pazuri sana. Turubai jeupe, viti vimevalishwa nguo, MC wa kulipwa, wapishi wamekuja na gari lao na majiko ya gesi, mpiga picha ana kidude cha kuruka. Watoto walikaa chini ya turubai lao kuanzia saa tatu mpaka saa tisa wamenyooka kama maua ya plastiki waliyovishwa shingoni. Walipoambiwa kuimba waliimba. Nilimuuliza mpwa wangu yeye alihusika na nini. "Kuhitimu, mjomba," akasema.

Alikuwa sahihi. Lakini nilisikitika, na nimejiuliza sana kwa nini. Najua hoja za upande wa pili, na nyingine ni nzito. Zamani "kazi za nje" zilikuwa mlango wa mwalimu kulimiwa shamba lake bure, na wasichana ndio waliokuwa wanatupiwa masufuria huku wavulana wakipanga viti viwili na kupotea. Tulisafirishwa kwenye malori wazi na Mungu tu ndiye aliyekuwa mkanda. Na suala la michango: tangu ada ilipofutwa kidato cha kwanza hadi cha nne Januari 2016, shule za serikali haziwezi kuamka tu na kudai Sh 7,000 kwa kila mtoto, na nikikumbuka yule mpiga mluzi wa kitanda cha juu, naona ni sawa. Nisichoelewa ni kwa nini, tulipoondoa ubaya, tuliondoa na daftari. Kwenye shule ile ya Uyole kulikuwa na watoto ambao hawaimbi, hawachezi, hawasemi. Niliwaona, nawajua kwa mkao. Wenzao walikuwa na jukwaa. Wao hawakuwa na pa kwenda, hata jikoni.

Turudi Septemba 2007. Mahafali ya kaka zetu wa kidato cha nne, na mimi ni katibu wa kamati ya chakula. Wahitimu 86, kila mmoja na wageni wawili, walimu 24, bodi na viongozi 18. Jumla 300. Tulikubaliana kilo 60 za mchele, na mkuu wa shule akasisitiza uwe wa Kyela, usiwe wa Usangu, kwa sababu alitaka mgeni rasmi aunukie kabla hajaiona shule. Ng'ombe mmoja. Kabichi. Na maharage, yaliyolowekwa tangu jana, kwa barua.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne. Alifika saa nane. Asiyewahi kuwa jikoni hajui maana ya saa hizo nne. Pilau ilikuwa tayari saa tano. Kuanzia hapo siyo kupika tena, ni kulinda. Mama mpishi alikuwa anatembea kati ya masufuria, anapunguza makaa hapa, anaongeza pale, anafunika na majani ya mgomba, anatukataza kufunua. Upepo wa Septemba unarusha vumbi la kiwanja chote. Kutoka uwanjani tulisikia ngonjera ikianzishwa mara tatu na kukatishwa mara tatu kwa sababu kila gari lililopita barabarani lilidhaniwa ndilo.

Alipofika mambo yakaenda mbio. Skauti, wimbo wa taifa, mti ukapandwa, maabara ikakaguliwa, risala ikasomwa na changamoto zile zile za mwaka uliopita, walimu wa sayansi, maji, uzio. Mgeni rasmi akaahidi saruji. Mimi nilichungulia mara moja tu, na nilichokiona kilinitoa jasho: nyuma ya turubai, kwaya ya kanisa jirani, watu 22 wenye majoho ya buluu, walioalikwa na kamati ya burudani. Na msafara wa mgeni rasmi, pamoja na madereva, 11. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwemo kwenye daftari langu. Watoto wadogo waliokuja mgongoni mwa mama zao sikuwahesabu hata kwa kufikiria.

Nikarudi jikoni. "Mama," nikasema, "tumepungukiwa sahani thelathini na tatu. Na watoto."

Hakugeuka. Akachukua upawa uliokuwa unapakulia, akautumbukiza, akauinua umejaa, akautikisa mpaka ukabaki sawa na ukingo. "Kuanzia sasa," akawaambia wapakuaji, "hivi. Asionekane mtu wa kilemba." Lumbesa, nikafikiri. Akaniangalia. "Na kamati hamli."

Tulipakua mpaka saa kumi na moja. Kila mgeni alikula, hata dereva wa mwisho, hata wale watoto. Sahani zilipoacha kurudi, Mama mpishi aliinamisha sufuria kubwa kuliko zote na kuanza kukwangua chini kwa mwiko wa chuma. Ukoko ulitoka kwa vipande vipana, kahawia, vina mafuta na mdalasini, vingine vimeungua kidogo pembeni. Akatugawia mikononi, hakukuwa na sahani iliyobaki. Tulikaa juu ya magogo ya kuni tukila kimya, watu saba, macho mekundu kwa moshi. Ukumbini walikuwa wanaita majina ya zawadi na vigelegele vilikuwa vinapanda na kushuka. Mama alikuwa amevua viatu, ananyoosha vidole vya miguu kuelekea kwenye majivu.

"Mwakani ni yako," akaniambia. "Utakaa kwenye kiti."

Nikasema ndiyo, mama. Kabla sijamaliza kipande cha pili, njuka mmoja akaja anakimbia, anahema.

"Kaka, wanakuita. Umeme umekatika, wanataka kuhamisha spika karibu na jenereta."

Nikafuta mikono kwenye suruali, nikamfuata.